Safari Mbili za Mwezi wa Sita

Jumapili ile Cyprian alifika nyumbani kwangu Chamazi nikiwa bado na kanga ya kanisani begani. Nilijua amefika kabla sijamwona, maana mwanangu Jonas alitoka mbio akitangaza mtaa mzima kwamba anko wa Ujerumani amekuja. Mimi nilibaki barazani nyuma ya cherehani yangu, nikajifanya natafuta uzi mweupe. Mama wa watoto wawili hakimbilii geti. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshafika getini zamani.

Aliingia na mfuko mkubwa wa nguo mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, na nywele za juu ya masikio zilikuwa zimeanza kuingia mvi. Kwenye simu mvi hazionekani.

"Hodi kwa Wamwera," alisema. "Mmepika leo, au mmelala njaa kama kawaida yenu?"

"Karibu, Mngoni. Tulipika. Tuliposikia unakuja tukaficha."

Wangoni na Wamwera ni watani, na mtani haamkiwi kwa upole. Lakini tulipokwisha kutaniana tulitazamana. Karibu miaka mitatu nilikuwa nimeuona uso ule ndani ya kioo cha simu, ukikatika mtandao ukikatika, na sasa ulikuwa mbele yangu, mzima, na jasho la Chamazi juu yake. Alinyoosha mkono. Nikampa wangu. Hakuuachia upesi, wala mimi sikuuvuta.

"Sesi," alisema taratibu. "Kumbe wewe ni mfupi. Simu ilinisahaulisha."

"Na wewe kumbe una mvi."

"Za kukungoja."

Nikauvuta mkono wangu, nikamletea kiti.

Jonas alikuwa ameshakaa miguuni pake, ana maswali ya wiki nzima. "Anko, ni kweli kule jua linazama saa nne usiku?"

"Kweli kabisa. Mwezi wa sita ni kiangazi chao. Unakula chakula cha usiku huku jua linakuangalia sahani."

"Sasa mnalalaje?"

"Tunafunga mapazia, tunajidanganya."

Jonas alicheka mpaka akalala sakafuni. Dada yake Hope, aliye kidato cha pili, alitoka jikoni akifuta mikono. Akasema, "Shikamoo, anko," akapokea marahaba yake, akarudi ndani bila kuketi. Cyprian alimfuata kwa macho.

"Hope hajafurahi?"

"Hope ana baba yake kichwani," nilisema. "Mwache."

Hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe, na sote wawili tulilijua. Shule zilikuwa zimefungwa Ijumaa. Cyprian alikuwa amepata likizo yake, amekuja kutuchukua mimi na wanangu tukakae naye mwezi mzima katika mji anakofanya kazi ya uuguzi wa wazee. Visa zilikuwa zimetoka. Nafasi za ndege alikuwa ameshika za Alhamisi, na kesho yake, Jumatatu, ndiyo ilikuwa siku ya kusema ndiyo au hapana. Na haikuwa safari ya kutembea tu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba watoto wakimwona kwake, wakakizoea chakula chake na sauti yake ya asubuhi, basi tukirudi atakwenda kwa wazee wangu kuniposa.

Kisha, siku mbili kabla hajafika, mama mkwe akapiga simu kutoka kijijini kwao Nangoo.

Mama mzaa Kornelio, marehemu mume wangu, haongei sana kwenye simu. Aliuliza hali za wajukuu, akaniambia mpunga umevunwa, saruji ya msalaba imenunuliwa, na Jumamosi hiyo inayokuja ukoo unamaliza matanga ya mwanawe. Nilimweleza kwa woga kwamba nina safari nyingine.

"Mwanangu," alisema, "sikukatazi mume. Mie mwenyewe niliolewa mara mbili. Nakukataza kuondoka hujaaga."

Maneno hayo sikuwa nimemwambia Cyprian. Nilitaka kwanza anywe maji, ale, aione nyumba. Lakini kaka yangu Albano hakungoja. Alifika kutoka Mbezi Luis, anakofanya kazi ya uwakala wa mabasi ya kusini, na vumbi la stendi likiwa bado kwenye viatu. Kwetu Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Albano ndiye mjomba. Alipoketi, hata Jonas alikaa vizuri.

"Mngoni umefika," alisema. "Ulaya wamekushindwa?"

"Wameniazima tu, Albano. Nitarudishwa nikichakaa."

"Ushachakaa. Angalia hizo mvi." Kisha Albano akavua kofia, akaiweka gotini, na utani ukaishia hapo. "Nimeshika viti vya Jumatano kwenye basi la asubuhi. Viwili viwili, vinne. Mie, dada, na wapwa zangu. Tunakwenda Nangoo kumaliza matanga ya shemeji."

Cyprian alinigeukia. "Sesi?"

"Mama alipiga simu," nilisema. "Nilikuwa nakuja kukwambia."

"Jumatano hii?"

"Jumatano hii."

Aliweka glasi chini, akaisogeza mbali na ukingo wa meza kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. "Albano, mie nakuheshimu. Watoto hawa ni wako, nalijua hilo. Lakini ni likizo moja. Nimefanya zamu za ziada mwaka mzima ili niipate. Nikirudi bila wao, likizo nyingine ni Desemba, na Desemba kule ni giza na barafu. Nangoo ipo. Tutakwenda wote baadaye. Kaburi halihami."

Ndani, sufuria iligonga sinki. Hope alitoka akasimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Baba siyo kaburi, anko," alisema.

Kisha akapita katikati yetu, akaenda nje kwenye kamba za nguo, akaanza kuanua mashuka ambayo hayajakauka.

Cyprian aliinamisha kichwa. "Nimesema vibaya."

"Umesema vibaya," alikubali Albano. "Lakini mtani anasamehewa. Jonas, nenda kamsaidie dada yako."

Tulibaki watatu. Nilitamani Albano naye aende kuanua mashuka, lakini kaka yangu alijikita kitini kama mhimili. Ikabidi niseme mbele yake yale ambayo mwanamke husema akiwa peke yake na mtu wake.

"Cyprian, siwezi kwenda Ujerumani."

"Huwezi Alhamisi, au huwezi kabisa?"

"Sijafunguliwa."

"Hujafunguliwa nini?"

Nilitazama mikono yangu. "Siku tuliyomzika Kornelio, mawifi zangu walinifunga kitambaa cheusi cha kaniki kiunoni. Kwenye ukoo wao mjane anakaa nacho hadi matanga yaishe. Wanakifungua wenyewe, pale kaburini, na hapo anakuwa ameaga. Wengine hukaa mwaka mmoja tu. Mie kila mwaka nilipata sababu. Mara Jonas anaumwa, mara oda za sare za shule. Ninacho mpaka sasa. Nimekivaa hapa nilipo."

Alinikazia macho kwa muda mrefu, kisha akayaondoa, kama aliyeona kitu asichopaswa kuonyeshwa.

"Miaka yote hii tunaongea," alisema. "Usiku, asubuhi. Unaniambia chumvi imeisha, unaniambia paka kazaa. Hili hukuniambia."

"Ni jambo la kumwambia mwanaume kwenye simu?"

"Ni jambo la kumwambia mwanaume anayekupenda." Sauti yake ilikuwa chini, na kwa hiyo iliuma zaidi. "Sesi, nilidhani nangoja pasipoti. Nilidhani nangoja shule zifungwe. Kumbe kila nikikuita wewe, anaitika Kornelio."

Ni kweli kwamba kulikuwa na nyakati nilizopokea simu ya Cyprian huku nimeketi upande wangu wa kitanda, na ule upande mwingine nikauacha wazi, bila hata mto.

Albano alikohoa. "Liko jambo jingine," alisema. "Nalo linakuhusu wewe, Mngoni. Koti liko wapi?"

Cyprian alishtuka kidogo. "Koti gani?"

"La shemeji yangu. Ulilochukua msibani."

Hapa ni lazima niseme ilivyokuwa. Kornelio alikuwa fundi umeme. Aliwahi kuanguka kutoka kwenye nguzo, na tangu hapo alitembea akiuburuta kidogo mguu wa kushoto, mkono mmoja nyuma kiunoni, na kila alipofika mlangoni alikohoa mara moja kabla ya kuingia. Figo ndizo zilizomchukua. Cyprian alikuwa muuguzi wa wodi aliyolazwa, na aliposikia marehemu ni Mmwera alisema hawezi kuwaacha watani zake wazike peke yao, akapanda nasi gari la maiti hadi Nangoo. Kule, siku ya pili ya msiba, watu wakiwa wamekaa kimya kizito, koti la kahawia la Kornelio likatokea kwenye kona ya nyumba likiwa na mtu ndani yake. Mguu wa kushoto unaburutwa. Mkono nyuma kiunoni. Lile koti likaja hadi mlangoni kwangu, likakohoa mara moja, likasema kwa sauti ya mume wangu: "Mama Hope, chai hii mmeisahaulisha sukari tena?"

Wanawake waliangua kicheko. Na mimi, niliyekuwa sijala wala sijalia, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, kisha kilio kikaja, na kilipokuja hakikuzuilika. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Ndiyo siku niliyomjua Cyprian.

"Koti nilipewa," Cyprian alisema sasa. "Kwetu Songea, mtani akishika kitu msibani ni chake."

"Kwenu," alisema Albano. "Kwetu ni chake mpaka matanga yaishe. Siku hiyo aliyelivaa analirudisha mwenyewe, linatundikwa kwenye msalaba asubuhi, jioni anapewa mpwa wa marehemu. Lisiporudi, kina mama hawafungui kitambaa. Wanasema mwenye koti bado yuko matembezini."

"Hakuna aliyeniambia."

"Tulidhani unajua. Na wewe ulidhani tumekupa. Sasa niambie, umeliacha wapi? Usiniambie uliliuza."

Cyprian aliinama, akauvuta ule mfuko mkubwa, akatoa juu chokoleti za watoto, akatoa sweta mbili ndogo. Chini kabisa, limekunjwa vizuri kama nguo ya padri, lilikuwepo koti la kahawia.

Nililijua kabla hajalikunjua. Kifungo cha tatu kutoka juu ni cheusi ilhali vingine ni vya kahawia. Nilikishona mimi kwa mkono, cherehani hii hii ikiwa kando yangu, usiku wa harusi ya rafiki yake, huku Kornelio akinihimiza kwamba tunachelewa.

"Nimelivaa kila baridi," alisema Cyprian. "Asubuhi nikienda zamu, kwenye theluji. Wazee wangu kule wananiita bwana wa koti la kahawia. Nimelileta ili ulivae wewe kwenye ndege. Kuna baridi kwenye ndege."

Albano alilitazama koti, akanitazama mimi, na mdomo wake ukaanza kucheza. "Kumbe," alisema. "Sie tunabishana twende Ulaya au Nangoo, na shemeji yangu alishatangulia likizo ya nje. Mtu ambaye hakuwahi hata kupanda ndege."

Nilicheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Cyprian naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati.

"Albano," alisema, "niachie dakika mbili na dada yako. Nakuomba kama mtani."

Kaka yangu alisimama, akavaa kofia. "Nitakuwa kwenye mashuka," alisema. "Ninasikia vizuri tu kutoka kule."

Cyprian aliliweka koti juu ya meza ya cherehani, katikati yetu. Kiganja chake kilibaki juu yake.

"Nikuulize kitu, usinijibu haraka," alisema. "Siku ile ulinitazama. Hakuna mwanamke aliyewahi kunitazama vile. Nikaondoka na mtazamo huo, nikauvuka nao bahari. Lakini hukunitazama mimi, Sesi. Ulimtazama yeye. Na mimi nikaendelea kulivaa. Hata kwenye simu, usiku ukiwa na huzuni, unasema 'hebu nikoholee,' nami nakohoa kama yeye, unacheka, unalala. Nilifanya hivyo nikijua. Nilijiambia akifika kwangu, Ulaya, mahali ambapo Kornelio hakukanyaga, ataniona mimi. Ndiyo maana niling'ang'ania safari. Siyo jua la saa nne usiku."

"Cyprian."

"Bado. Nikilirudisha koti hili, narudisha kitu pekee ulichonipendea. Ukifunguliwa kitambaa, utakuwa huru, na huenda utaniangalia ukaona Mngoni mmoja mwenye mvi, basi. Niambie kama naogopa bure."

Aliniomba nisijibu haraka, nami nikakigusa kile kifungo cheusi. Upepo ulileta harufu ya samaki wa kukaanga kutoka kwa jirani. Nilitaka kumwambia kwamba anaogopa bure. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mtu aliyekuambia ukweli wake wote humpi neno la kumtuliza tu, na mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

"Sijui," nilisema. "Nakwambia kweli, sijui. Sijawahi kukuona bila yeye."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa na daktari majibu aliyokwisha kuyahisi.

"Basi Ujerumani hamwendi," alisema. "Ningewapeleka, ningepeleka watu wanne, siyo watatu. Kesho nitaachia zile nafasi." Akaliinua koti, akalikung'uta, akalikabidhi mikononi mwangu kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto aliyelala. "Albano atalipeleka. Mwambie mama mkwe wako Mngoni anaomba radhi, amechelewesha."

"Anayelirudisha ni aliyelivaa."

"Mtani mwingine atalivaa. Wangoni wako wengi."

Aliuacha mfuko na sweta na chokoleti. Akashuka baraza. Na mimi nikabaki nimesimama na koti kifuani, nikamtazama akielekea getini.

Nilimtazama kwa makusudi. Nilitazama miguu. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo, maana kwenye simu mtu hana miguu, na kule Nangoo alikuwa na miguu ya mtu mwingine. Kornelio alitembea kama mtu anayebembeleza ardhi. Huyu alikwenda hatua ndefu, kifua mbele, mabega yamepinda kidogo kwa kazi ya kuinua wazee vitandani, na mikono yote miwili ikining'inia bila kujua pa kwenda. Alipofika kwenye dimbwi la maji ya kufulia hakulizunguka. Aliliruka, kama kijana, akakanyaga ukingo, akajilowesha suruali, akajitazama kwa fedheha.

Kornelio asingeruka kamwe.

Nilikuwa nimeona mtu nisiyemjua akijilowesha uani kwangu, na nilitaka kujua angefanya nini baadaye.

"Mngoni," niliita.

Alisimama na mkono kwenye geti. Kule kwenye kamba, Albano na watoto walikuwa wameshika shuka moja pande tatu, hawalikunji.

"Viti vya basi ni viwili viwili," nilisema. "Hope atakaa na Jonas. Mimi sina wa kukaa naye."

"Na mie je?" aliuliza Albano kutoka nyuma ya shuka.

"Wewe ni wakala, kaka. Utakaa na dereva."

Cyprian hakusogea. "Nikija, nitakuja kama nani?" aliuliza.

"Kama mtani. Utavaa koti mara ya mwisho, utaingia nalo ukohoe mlangoni kwa mama, halafu utalivua wewe mwenyewe. Mimi nitafunguliwa." Nikalishusha koti kutoka kifuani. "Baada ya hapo utatembea mbele yangu hivyo hivyo ulivyotembea sasa hivi. Nitatazama tena. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

Alinitazama kwa mbali, na sikuyaona macho yake vizuri kwa sababu jua lilikuwa nyuma yake. Ni Hope aliyetangulia kusema.

"Anko," alisema, akiikunja ncha yake ya shuka bila kumtazama mtu, "Nangoo mwezi wa sita kuna baridi asubuhi. Chukua na sweta lako. Koti si linabaki kule?"

Cyprian alifunga geti, akiwa upande wa ndani. Akarudi barazani kwa hatua zake ndefu, suruali ikichuruzika maji, akaketi kwenye kiti kilekile.

"Hicho chakula mlichoficha," alisema, "kiko wapi?"